Nembo ya Benki, Kibanda cha Nani?

Ukimuuliza mtu wa Uyole, hapa Mbeya, benki yake iko wapi, hakuelekezi kwenye jengo la vioo kule mjini. Atakuonyesha kibanda cha mabati kando ya barabara ya Tukuyu, katikati ya wauza viazi na fundi pikipiki, kilichobandikwa nembo hadi mlangoni: mitandao ya simu, benki mbili, ving'amuzi. Ndani yupo binti mwenye simu nne za kitochi, mashine ndogo ya benki iliyofungwa rababendi, na daftari la kusaini ambalo kalamu yake imefungwa kwa uzi isiibwe. Hapo ndipo mwalimu anatoa mshahara, mkulima anaweka hela ya viazi, mzazi analipa ada. Binti huyo si mfanyakazi wa benki. Si mfanyakazi wa kampuni ya simu. Na ukichimba kidogo, mara nyingi hata wakala mwenyewe si yeye.

Laini ya uwakala inasajiliwa kwa jina la mtu mwenye leseni ya biashara na namba ya mlipakodi. Lakini mtaani laini hizo zinakodishwa, na nyingine zimeuzwa mkono kwa mkono, kwa hiyo jina linalotokea kwenye meseji unapotoa hela linaweza kuwa la mtu aliyeshahamia Dodoma na hajakanyaga Uyole tangu hapo. Juu ya mwenye laini yupo wakala mkuu anayempa floti, yaani salio la kufanyia kazi. Juu ya wakala mkuu ipo benki au mtandao wa simu. Na pale unapohamisha hela kutoka akaunti ya benki kwenda kwenye simu, katikati inaweza kukaa kampuni nyingine ya kuunganisha mifumo, ambayo hujawahi kusikia jina lake na haina hata bango. Programu ya benki nayo inaweza kuwa imetengenezwa na watu wa nje, kompyuta zinazotunza taarifa zako zikawa za kukodi, simu ya huduma kwa wateja ikapokelewa na vijana wa kampuni nyingine kabisa. Mlinzi wa pale mlangoni naye ni wa kampuni yake.

Mimi sina ugomvi na mnyororo huo kwa sababu tu ni mrefu. Shida yangu ni hii: faida inapanda juu haraka sana, lakini kosa likitokea linateremka chini, linapita kwa kila mtu, na linapofika kwa mteja linakaa.

Mama yangu mdogo analima viazi Isyonje. Msimu fulani alishusha mzigo Uyole, mnunuzi akamlipa taslimu, na kwa kuwa hakutaka kulala na hela ndani aliingia kibandani kuiweka kwenye akaunti yake ya benki. Shilingi 640,000. Binti akahesabu, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Mama, mtandao unasumbua kidogo, ila kwangu imeshaondoka." Akamwonyesha kitochi: kweli floti imepungua. Meseji ya benki haikuja. Gari la kupanda Isyonje lilikuwa linajaa, na gari la jioni halimsubiri mtu, mama mdogo akaondoka.

Kesho yake meseji haijaja. Akanipigia, nikaanza kufuatilia kwa niaba yake. Binti wa kibandani aliniambia nipige huduma kwa wateja. Huduma kwa wateja walisema muamala wanauona, uko kwenye uhakiki, tusubiri siku za kazi. Siku za kazi zikaisha. Tukaenda tawini, na dada wa kaunta, mpole kabisa, akasema muamala huo umefanyika kwa wakala, kwa hiyo mwenye uwezo wa kuufuatilia ni wakala. Tukampata mwenye laini kwa simu. Akasema yeye kwake imekatwa, hana anachodaiwa, tuwaulize benki. Nilipowauliza tena benki, nikaambiwa tatizo lilikuwa "upande wa mfumo", na mfumo una watu wake, na watu wake hawako Mbeya.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyedanganya. Binti hela ilimtoka. Mwenye laini alikatwa. Dada wa kaunta kwenye kompyuta yake haoni kitu kingine zaidi ya alichotuambia. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha ukweli, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuviunganisha vipande hivyo. Kazi hiyo aliachiwa mwanamke mwenye jembe, aliyepanda na kushuka kati ya Isyonje na Uyole kwa nauli yake.

Hela ilirudi. Ilirudi mvua zikiwa zimeshaanza, bila pole wala maelezo, meseji tu ya salio jipya. Lakini mbolea ya kupandia haisubiri uhakiki. Mama mdogo alikuwa ameshachukua mbolea ya mkopo dukani kwa makubaliano ya kulipa kwa viazi wakati wa mavuno, kwa bei ya mwenye duka, na kwa ujazo wa lumbesa. Anayejua lumbesa ya Nyanda za Juu Kusini, lile gunia lenye kofia ya nyavu juu yake, anajua hasara aliyoingia. Hasara hiyo haionekani kwenye kitabu chochote cha benki. Kule iliandikwa kwamba mteja alirudishiwa fedha yake kamili.

Sasa, kabla mtu hajanijibu kwamba basi mawakala wafutwe, nisikilize. Ninakumbuka hali ilivyokuwa kabla yao. Mtu wa Umalila au wa Makete kuweka akiba ilikuwa ni safari ya kutwa, nauli, foleni, na roho mkononi njia nzima ya kurudi. Watu walichimbia hela chini ya kitanda na panya wakazila. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na benki nazo ziliporuhusiwa kuwa na mawakala miaka michache baadaye, ndipo huduma ilipomfuata mtu kijijini. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2017 ulionyesha asilimia 65 ya watu wazima nchini wanatumia huduma rasmi za fedha. Ule wa 2023 ukaonyesha asilimia 76. Ongezeko hilo halikuletwa na majengo ya vioo. Limeletwa na mabinti wa vibandani.

Tena mawakala wenyewe wanaumia kuliko wanavyosemwa. Mtaji ni wao. Noti bandia ikiingia, ni yao. Jambazi akija jioni, anakuja kwao. Yule binti akikosea tarakimu moja ya namba, anakatwa kwenye mshahara ambao tayari ni mdogo. Nimewahi kukaa na mmoja pale Mwanjelwa wakati anafunga hesabu ya jioni: kapanga noti kwa thamani yake juu ya ndoo iliyofunikwa, anajumlisha salio la laini moja baada ya nyingine kwenye karatasi ya boksi la vocha, inapungua elfu saba, anaanza upya. Alirudia mpaka taa za jirani zikazimwa. Elfu saba haikuonekana. "Basi," akasema, "leo nimefanya kazi bure." Kampuni yenye nembo ukutani kwake haikujua, na haikuwa na sababu ya kujua.

Sheria, kwenye karatasi, haiko upande wa kampuni. Mwongozo wa Benki Kuu kuhusu uwakala wa benki, uliotoka 2013 na kufanyiwa mapitio 2017, unaibebesha benki wajibu wa matendo ya wakala wake katika huduma anazozitoa kwa niaba yake. Wakala haruhusiwi kumtoza mteja ada yake mwenyewe. Haruhusiwi kufanya muamala ambao hauwezi kutoa risiti. Sasa linganisha na maneno tunayoyasikia kila siku. "Ongeza jero, nyekundu zimeadimika leo," yaani ongeza mia tano, noti za elfu kumi ni chache. "Niachie hela na namba, mtandao ukirudi nitakuwekea." Sentensi hii ya pili ndiyo ya hatari kuliko zote katika biashara hii, na inasemwa kwa upole, na watu wema, kwa wateja wanaofahamiana nao miaka. Mimi naiogopa kuliko jambazi.

Sababu yake ni rahisi. Hela ikishaingia kwenye simu yako, ina ulinzi. Kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka 2015 zinataka fedha za wateja zitunzwe kwenye akaunti ya dhamana benki, mbali na fedha za kampuni yenyewe ya simu. Ikishaingia kwenye akaunti ya benki, ina ulinzi mwingine: Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kiwango chake cha fidia kilipandishwa kutoka shilingi 1,500,000 hadi 7,500,000 kwa kila mteja. Lakini noti ulizomwachia binti kwenye ndoo kabla meseji haijaingia haziko popote. Si amana, si fedha ya kielektroniki. Ni imani tu.

Watu wa Njombe wanaijua bima hiyo ya amana kuliko wengi wetu. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa mkupuo kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Yalikuwa maumivu, hasa kwa waliokuwa na zaidi ya kiwango cha wakati ule. Hata hivyo kulikuwa na jengo, kulikuwa na mlango uliofungwa, na kulikuwa na Bodi ya Bima ya Amana iliyoteuliwa kuwa mfilisi. Mtu alijua aende wapi kudai. Ajabu ni kwamba benki nzima ikifa, mteja anajua wa kumuuliza kuliko pale kampuni ya katikati inapokwama.

Wamarekani walijifunza hilo mwaka 2024. Kulikuwa na kampuni ya San Francisco inaitwa Synapse. Haikuwa benki. Kazi yake ilikuwa kukaa kati ya programu za simu za kuweka akiba na benki zilizotunza fedha hizo, na kushika daftari la nani ana kiasi gani. Wateja wa zile programu wengi hawakuwahi kulisikia jina hilo. Aprili 2024 Synapse ikaomba kinga ya kufilisika, na mwezi uliofuata watu zaidi ya 100,000, wenye jumla ya dola karibu milioni 265, wakajikuta hawawezi kugusa hela yao. Msimamizi aliyewekwa na mahakama akaripoti kwamba madaftari hayalingani, na pengo liko kati ya dola milioni 65 na 96. Wale wateja walikuwa wameambiwa hela yao ina bima ya serikali. Ni kweli ilikuwa nayo. Ila bima ile hulipa benki inapoanguka, na hakuna benki iliyoanguka. Aliyeanguka ni mshika daftari.

Mfano wa karibu na kwetu ni Uganda. Oktoba 2020 wahalifu waliingia kwenye mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa inaunganisha malipo kati ya benki na mitandao ya simu. Magazeti ya Kampala yaliandika kuwa zilitumika laini za simu karibu 2,000 kupokea hela. Stanbic, MTN na Airtel wakatoa tamko la pamoja: kuna tatizo kwa mtoa huduma wa nje, huduma ya kuhamisha hela kutoka benki kwenda simu imesitishwa, salio za wateja ziko salama. Salio zilikuwa salama kweli. Lakini fikiria wewe ni mfanyabiashara wa Kikuubo, kule Kampala, hela yako iko benki, mzigo unalipwa kwa simu, na daraja la katikati limekatwa na mtu asiyekujua wala wewe humjui. Kampuni tatu kubwa, zenye walinzi na wakaguzi, zilikwamishwa na moja ambayo mteja hakuwahi kuambiwa ipo.

Na si lazima awepo mwizi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima, Tanzania ikiwemo. Siku zile nenda kalipie kitu kwa programu ya benki uone. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kabwe ya hapa Mbeya zilikwama sawasawa.

Kuna jambo dogo linalonikera kuliko hayo makubwa. Kila Agosti kwenye Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale, utakuta vijana waliovaa fulana za benki wanafungulia watu akaunti chini ya mwamvuli. Wana bidii, wanajua kuongea. Niliongea na mmoja wakati mvua ya ghafla imetubana kwenye banda. Akaniambia yeye si wa benki. Yuko chini ya kampuni ya ajira, mkataba wa miezi, na analipwa kulingana na akaunti anazofungua. Alikuwa anaandika namba za vitambulisho vya NIDA vya watu kwenye daftari la shule, halafu jioni anaziingiza kwa simu yake mwenyewe. Akikosa kitu, anakupigia kwa namba yake binafsi: "Habari mama, nakupigia kutoka benki, naomba unitajie namba ya kitambulisho."

Sasa hebu niambieni, mama huyo atamtofautishaje kijana yule na tapeli? Namba ni ngeni kwa wote wawili. Sauti ni ya upole kwa wote wawili. Wote wanataka taarifa zilezile. Kisha jioni benki hiyohiyo inatuma meseji: usitoe taarifa zako kwa mtu usiyemfahamu. Wametuzoesha kuhudumiwa na watu tusiowajua, halafu wanatulaumu kwa kuwaamini. Na ukitapeliwa, swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini ulitoa namba ya siri, kana kwamba hadithi inaanzia hapo.

Usajili wa laini ulikuwa vilevile. Wakati wa zile mbio za alama za vidole za 2019 na mwanzoni mwa 2020, wasajili walijaa Mafiati na Kabwe na miamvuli yao, wakilipwa kwa kila laini. Mtu unaweka kidole, unaambiwa "haijasoma, rudia", unaweka tena. Kidole cha pili kilisajili nini? Wengine waligundua baadaye, walipopiga *106# na kuona namba wasizozijua ziko kwa majina yao. Laini hizo ndizo zinazokuja kututumia "ile hela tuma kwenye namba hii". Taarifa za robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa kinara wa majaribio ya ulaghai wa simu, na sisi wa Mbeya tunacheka, jirani zetu wa Sumbawanga hao! Lakini tapeli hawezi kufanya kazi bila laini, na laini aliuziwa na mtu aliyelipwa kwa idadi.

Ukimlipa mtu kwa idadi, unapata idadi. Ndivyo ilivyo pia kwenye kukusanya madeni, na hapa ndipo pabaya kuliko pote.

Mikopo ya simu ilianza vizuri. M-Pawa ya mwaka 2014, kwa mfano, mkopeshaji wake alikuwa benki yenye leseni, Commercial Bank of Africa, ikipitia kwenye menyu ya Vodacom. Wakopaji wengi walidhani wanakopa kwa Vodacom tu, ila angalau mkopeshaji alikuwa anajulikana na Benki Kuu. Baadaye zikaja programu za mikopo zinazopakuliwa dakika mbili, zinaomba ruhusa ya kusoma namba zote za kwenye simu yako, zinakupa elfu hamsini na kukata ada palepale. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Wenye leseni nao, hasa wa daraja la pili (wakopeshaji wasiopokea amana) chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wanaweza kumkabidhi mtu mwingine kazi ya kudai. Na huyo mtu mwingine anakula asilimia ya anachokusanya.

Nilipata meseji moja kutoka kwenye kazi hiyo. Ilitoka kwa namba ya kawaida, ikinitaka nimwambie fulani alipe deni lake leo hii, "la sivyo picha yake itasambazwa kama mwizi." Huyo fulani alikuwa fundi aliyewahi kunitengenezea mlango. Namba yangu ilikuwa kwenye simu yake, basi. Mimi si mdhamini, si ndugu, hata jina lake la pili nililijua kupitia meseji ile. Nilipompigia alikuwa analia. Wakwe zake walikuwa wameshaipata, mwenyekiti wa mtaa ameshaipata, mteja wake mkubwa wa Mbalizi ameshaipata. Alichokopa hakifiki bei ya mlango wangu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Lakini malalamiko unampelekea nani kama aliyekutumia meseji ni namba tu, aliyemtuma ni kampuni ya kudai, na aliyeituma kampuni ya kudai ni programu ambayo ofisi yake ni anwani ya barua pepe? Kila ngazi inaweza kusema haikuagiza matusi. Na ni kweli, mkataba haukuandika matusi. Uliandika asilimia.

Kwenye bima za vyombo vya moto nimeona kitu kinachonipa moyo kidogo, nitakisema kwa ufupi. Kwa miaka mingi bodaboda na bajaji wa Mbeya walinunua stika kwa watu wa mtaani, mwingine anakupa karatasi halali, mwingine anakupa karatasi tu. Ulikuwa hujui mpaka ajali itokee. Siku hizi TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ina mfumo ambao ukiingiza namba ya chombo unaona kama bima ipo na inaishia lini. Dalali bado yupo, anachukua kamisheni yake, sawa. Ila sasa mteja anaweza kuona nyuma yake. Kijana wa bajaji stendi ya Kabwe alinionyesha anavyofanya: halipi mpaka namba imeonekana kwenye simu yake mwenyewe, muuzaji akiwa amesimama palepale. Kwa nini basi siwezi kuingiza namba ya wakala na kuona kama laini ile inamhusu mtu aliye mbele yangu? Kwa nini yule kijana wa Nane Nane hana namba ninayoweza kuihakiki kabla sijamtajia kitambulisho?

Wakubwa wa mabenki wanapoulizwa haya wana jibu moja, na si jibu la kijinga. Wanasema ukizibana kampuni sana, gharama zitapanda, na wa kwanza kupoteza huduma atakuwa mtu wa kijijini, kwa sababu kibanda cha Uyole kinalipa lakini cha Isyonje kinabahatisha. Nimelifikiria sana. Nadhani wanahesabu nusu. Kama hatari ya kibanda ni kubwa kuliko kamisheni inavyoonyesha, hatari hiyo haijatoweka kwa sababu haimo kwenye vitabu vyao. Kuna mtu anailipa. Fundi wangu aliilipa kwa jina lake, mama mdogo kwa magunia ya lumbesa.

Ninachotaka si kigeni. Muamala ukikwama kwa wakala, benki imrudishie mteja kwanza, halafu wao kwa wao, wenye mikataba na wanasheria, watafutane huko juu. Wanao uwezo wa kuona mnyororo mzima. Sisi tunaona kibanda. Wakilazimika kulipa kwanza, nawahakikishia laini za kukodi zitasafishwa ndani ya msimu mmoja, na ile kampuni ya katikati isiyo na bango itapigiwa simu usiku wa manane mpaka ipokee.

Kwa sasa njia iliyopo ni hii. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinataka uanze kulalamika kwa taasisi yenyewe, na usiporidhika upande Benki Kuu. Taasisi maana yake benki, au kampuni ya simu. Binti wa kibandani siye. Usikubali kurudishwa kwake. Andika barua, iwe na tarehe, kiasi, namba ya muamala na namba ya wakala, na kabla hujaiacha pale kaunta hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, andika hilo pia. Benki Kuu ina tawi hapahapa Mbeya, na mlango wake uko wazi kwa mtu mwenye nakala yenye muhuri.